Bango la 1953 kwa Elfu Sita na Mia Tano: Jinsi ya Kununua na Kuuza Kumbukumbu za Filamu Bila Kujuta

Wiki hii tunaacha kidogo mambo ya kodi ya nyumba na tokeni za stima. Tunaenda kwenye meza za wakusanyaji, yaani wale watu wanaonunua na kuuza mabango ya sinema, picha za waigizaji, kanda za VHS na vitu vingine vya filamu za zamani. Kama umewahi kupita kwenye maonyesho ya aina hiyo hapa Nairobi, unajua vile mambo huwa. Watu wamejaa, muziki uko juu, na muuzaji anakuambia hicho kitu kimebaki kimoja tu.

Mwenzetu wa ofisini alipitia hayo. Ametupa ruhusa ya kusimulia kisa chake, mradi tusimtaje jina.

Ilivyokuwa

Babu yake alikuwa akisimulia kwamba aliwahi kuendesha lori la Wazungu waliokuja kupiga filamu inayoitwa *Mogambo*. Filamu hiyo ipo kweli. Iliongozwa na John Ford, ikawa na Clark Gable, Ava Gardner na Grace Kelly, na sehemu zake za nje zilipigwa Afrika Mashariki kuanzia mwishoni mwa 1952, wiki chache tu baada ya hali ya hatari kutangazwa Kenya. Ilitoka 1953. Babu hakuacha picha yoyote ya siku zile. Kwa hivyo mjukuu alipoliona bango la *Mogambo* limetundikwa nyuma ya meza moja, moyo ulidunda.

"Boss, hii ni ngapi?"

"Hiyo ni elfu nane, madam. Lakini ukichukua sasa hivi, nakufanyia elfu sita na mia tano."

"Nitumie wapi?"

Mazungumzo yaliishia hapo. Alituma pesa, meseji ikaingia kwa wote wawili, akakunjiwa bango lake akaenda nyumbani. Usiku alilipima ili alitafutie fremu. Lilikuwa inchi 24 kwa 36, karatasi inang'aa, halina hata alama moja ya kukunjwa. Alipoanza kusoma kuhusu mabango ya zamani ndipo alipogundua kwamba amenunua nakala iliyochapishwa miaka ya karibuni.

Asubuhi alikuja mezani kwetu na swali moja: "Naweza kurudishiwa?"

Jibu letu halikumfurahisha, na ndilo somo la leo. Kurudisha muamala ni dawa ya kukosea nambari, si dawa ya kukosea bidhaa. Pesa ilienda kwa mtu aliyekusudiwa, kwa kiasi kilichokusudiwa, kwa PIN yake mwenyewe. Simu haijui kama bango ni la 1953 au la mwaka jana. Na tukisema ukweli, yule muuzaji hakudanganya pia. Hakuulizwa.

Basi tujifunze kuuliza, na tujifunze kuangalia, kabla PIN haijaingia.

Kwanza, kwa nini mabango haya yana bei?

Mabango ya sinema hayakutengenezwa ili yauzwe kwa watu. Nchini Marekani yalikuwa mali ya wasambazaji wa filamu. Ukumbi wa sinema ulikodishiwa, ukalibandika, kisha ukatakiwa kulirudisha au likasafirishwa kwa ukumbi mwingine. Mengi yalichakaa, yakatupwa. Yaliyobaki ni machache, na uchache ndio unaopandisha bei. Bango la filamu ya Kijerumani *Metropolis* ya 1927 liliuzwa dola 690,000 mwaka 2005. Bango la *Dracula* ya 1931 lilinunuliwa kwenye mnada huko Marekani mwaka 2017 kwa dola 525,800.

Usishtuke. Hayo ni ya juu kabisa, na mengi hayafiki hata sehemu ndogo ya bei hiyo. Wakusanyaji wa kawaida hukutana kwenye meza. Huko Columbus, Ohio, mkutano wa wapenzi wa filamu za zamani ulioitwa Cinevent ulianza 1969, watu wakitazama filamu huku chumba cha pili kikiwa na meza za wauzaji. San Diego Comic-Con nayo ilianza 1970. Desturi za meza hizo ndizo zinazofuatwa hata hapa kwetu: shika polepole, uliza, linganisha, halafu ndipo ulipe.

Kwa Mkenya kuna sababu nyingine ya kupenda vitu hivi. *Born Free* ya 1966 na *Out of Africa* ya 1985 zilipigwa hapa hapa nchini. Kwa wengine ni mapambo ya ukutani. Kwa wengine, kama mwenzetu, ni habari za nyumbani.

Mambo matano ya kuangalia kabla ya kulipa

1. Ukubwa. Beba futi ya fundi cherehani, ile ya shilingi hamsini. Bango la kawaida la Marekani la kabla ya katikati ya miaka ya 1980 lilikuwa takriban inchi 27 kwa 41. Baadaye likawa 27 kwa 40. Bango la Uingereza hulala kwa upana, inchi 30 kwa 40. Zile picha ndogo zilizobandikwa ndani ya ukumbi ni inchi 11 kwa 14, na kwa kawaida zilitoka nane nane. Ukikuta bango la "1953" lenye inchi 24 kwa 36, hicho ni kipimo cha mabango ya dukani ya siku hizi. Simama hapo hapo, uliza.

2. Mikunjo. Mabango ya miaka ile yalisafirishwa yakiwa yamekunjwa. Kwa hivyo la zamani likiwa na mistari ya mikunjo si kasoro ya kukuogopesha, ni dalili nzuri. Lisipokuwa nayo haimaanishi moja kwa moja kwamba si la kweli, lakini muuzaji awe na maelezo. Na chunguza kama mikunjo *imechapishwa*: pitisha kidole. Mkunjo wa kweli unausikia. Wa picha ni laini kama sehemu nyingine zote.

3. Pembe ya chini. Kuanzia 1940 hadi katikati ya miaka ya 1980, kampuni iliyoitwa National Screen Service ilisambaza mabango mengi ya Marekani, na iliyaandika nambari chini. Tarakimu mbili za kwanza ni mwaka, kisha mkwaju, kisha nambari ya filamu. Bango la filamu ya 1953 lingeanza na 53/. Ukiona herufi R mbele ya mwaka, filamu ilirudishwa sinema baadaye na bango ni la mara hiyo ya pili. Bado ni la zamani, ila bei yake kwa kawaida huwa chini ya lile la kwanza. Nambari peke yake haitoshi, maana nakala inaweza kunakili na nambari pia. Ichukue kama shahidi mmoja kati ya kadhaa.

4. Maandishi madogo. Fungua kamera ya simu, vuta karibu yale majina madogo yaliyo chini ya bango. Kwenye la asili herufi huwa zimejaa wino na kingo zake zimekatika vizuri. Kwenye nakala iliyopigwa picha kutoka bango lingine, herufi huwa na ukungu au zimetengenezwa kwa vidoti vidogo.

5. Mgongo. Omba kuliona upande wa nyuma. Karatasi ya miaka sabini haiwi nyeupe kama ya jana. Kama limebandikwa juu ya kitambaa, hiyo ni njia halali ya kulihifadhi, lakini pia inakuficha mgongo. Marekani iliwahi kuwa na kesi ya mabango bandia ya filamu za kutisha za zamani yaliyobandikwa hivyo hivyo, na hata wakusanyaji wazoefu wakaingia mkenge. Likiwa juu ya kitambaa na bei ni kubwa, tafuta jicho la pili.

Swali moja linalookoa pesa

Baada ya kuangalia, uliza hivi, kwa heshima na kwa sauti: "Hili ni la asili, la kurudishwa, au ni nakala?" Akijibu, mwombe aandike. Si lazima risiti ya kompyuta. Karatasi ya daftari inatosha: jina la filamu, mwaka, neno "asili" au "nakala", kasoro zilizopo, bei, tarehe, jina lake na nambari ya muamala ukishalipa.

Karatasi hiyo si mapambo. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa ya Kenya, Sura ya 31, inasema bidhaa ikiuzwa kwa maelezo, lazima ilingane na maelezo hayo. Akiandika "asili 1953" kisha ikawa nakala, una pa kuanzia. Asipoandika kitu, mnabaki wewe unasema hivi na yeye anasema vile, na meseji ya malipo inaonyesha tu kwamba pesa ilitoka.

Muuzaji akikataa kuandika, usigombane naye. Mwambie asante, nenda meza nyingine. Kukataa kwake ni jibu pia.

Sasa malipo yenyewe

Kwa mnunuzi:

- Lipa kitu kikiwa mkononi mwako na umeshakikagua. "Nitumie kwanza nikuwekee" ni maneno ya kuepuka kwa mtu usiyemjua.
- Ukiweza, lipa kwa nambari ya Till ya biashara badala ya nambari ya simu ya mtu binafsi. Soma jina linalotokea kwenye skrini kabla ya kuthibitisha. Jina lisipofanana na la mwenye meza, uliza kwa nini.
- Ukiweka amana, iandikwe ni amana, salio ni kiasi gani na hadi lini. Bila hivyo, ukirudi saa kumi utakuta bango limeuzwa na amana imegeuka hadithi.
- Hifadhi meseji. Usiifute hata kama simu imejaa.

Kwa muuzaji:

- Usiamini skrini ya mteja. Picha ya meseji hutengenezwa, na meseji ya uongo hutumwa kutoka nambari ya kawaida kabisa. Angalia simu *yako*, angalia salio *lako*, halafu ndipo ukunje bango.
- Kukiwa na msongamano, mtu mmoja awe wa kuonyesha bidhaa na mwingine wa kuthibitisha malipo. Wezi wa meseji hupenda meza yenye mtu mmoja aliyechoka.
- Baada ya mauzo makubwa, andika nambari ya muamala pamoja na kitu kilichouzwa. Mteja akidai baadaye kwamba alituma kimakosa na anataka pesa irudi, hiyo kumbukumbu ndiyo utetezi wako.
- Tenganisha pesa za meza na za nyumbani. Zikichanganyika, jioni hutajua kama umepata faida au umeuza mali kwa hasara ukanunua chakula.
- Usitengeneze bango kwa gundi ya karatasi wala kulifunika kwa plastiki ya moto. Unadhani unalipamba, kumbe unalipunguzia bei. Liviringishe kwa ulegevu ndani ya mrija wa karatasi ngumu, au liache lilivyokunjwa.

Mwenzetu alimalizaje?

Alirudi maonyesho yaliyofuata, mara hii akiwa na meza ndogo ya kwake. Juu yake aliweka kanda za VHS za nyumbani kwao, picha chache za waigizaji, na lile bango la *Mogambo*. Kwenye bango alibandika karatasi yenye maneno manne: "Nakala. Si ya 1953."

Tulimwambia anaharibu soko lake mwenyewe. Akatuambia tumwache.

Kabla ya saa sita alifika kijana mmoja, akasoma ile karatasi, akacheka, akauliza bei. Elfu moja mia mbili. Akalipa kwenye Till, akasubiri simu ya muuzaji ilie, akalibeba. Alijua anachonunua, alitaka kitu cha ukutani, akakipata kwa bei ya kitu cha ukutani.

Ukipiga hesabu, mwenzetu alipoteza shilingi 5,300. Yeye anaiita ada ya darasa. La asili bado analitafuta, na siku hizi mkobani habebi tu simu, anabeba na futi. Anasema siku akilipata atalipima kwanza, ataomba aandikiwe, halafu ndipo ataingiza PIN. Kisha atalitundika sebuleni kwa shosho yake, mahali ambapo picha ya babu ingekuwa.

Wewe je, umewahi kununua kitu cha zamani ukagundua ni cha juzi? Kabla ya maonyesho yanayokuja, msomee mwenzako haya mambo matano. Itachukua dakika kumi, na pesa ikishatoka, dakika kumi haziirudishi.

Tukutane wiki ijayo.