Usingizi wa Bilal: somo kwa wanaosomea tiba



Sifa zote njema ni za Allah, aliyetuumba na udhaifu wetu na akatupa usiku wa kutulia. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Swahaba zake.

Ndugu wasomaji, somo la toleo hili limetokana na swali. Dada mmoja anayesomea uuguzi hapa Pemba aliuliza baada ya darsa: "Nikitoka zamu ya usiku nalala mpaka Adhuhuri, na nyumbani wananiambia mimi ni mvivu. Je, anayetafuta elimu ya kuwahudumia watu anapata dhambi kwa kulala?" Kisha akaongeza jambo lililonifanya nikae chini kuandika. Usiku mmoja, kama saa kumi alfajiri, alishika kichupa cha dawa akasoma jina lake mara tatu, na bado hakujua amesoma nini. Alhamdulillahi, alimpa mwenzake akamsomea.

Nilipomsikia nilikumbuka Hadithi ya Bibi Aisha (r.a.) iliyomo katika Bukhari na Muslim. Mtume (s.a.w.) alielekeza kwamba mtu akisinzia ndani ya Sala, basi akalale mpaka usingizi umtoke, kwa sababu huenda anakusudia kuomba maghufira kumbe anajitukana mwenyewe wala hajui. Tuizingatie vizuri. Sala ni baina ya mja na Mola wake, na Mola anajua kilichokusudiwa moyoni hata ulimi ukiteleza. Pamoja na hayo, aliyesinzia anaambiwa aache, akalale. Sasa dada yetu na kichupa chake yuko baina ya mja na mja mwingine, na mshipa wa mgonjwa hauangalii nia. Kama asiyejua anachokisoma ameamrishwa kuiacha Sala ya sunna, atakuwaje na ruhusa ya kuendelea na sindano?

Wenzangu wa usuli watasema hii ni kiyasi, na ni kweli. Kwa wasiosoma somo hilo, nieleze kidogo kwa mfano ambao walimu wetu huupenda. Abu Bakra (r.a.) amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alimkataza kadhi asihukumu baina ya watu wawili akiwa na hasira. Wanazuoni wakauliza: kwa nini hasira? Wakaona sababu ya hukumu, yaani ila, ni kule akili kushughulishwa isiweze kupima sawasawa. Kwa hiyo wakaingiza katika katazo hilo njaa kali, kiu kali, kubanwa na haja, na kuzidiwa na usingizi, ijapokuwa Hadithi imetaja hasira peke yake.

Muuguzi au daktari aliye mafunzoni anahukumu kila baada ya dakika chache. Chukua malaria kali, ugonjwa ambao pwani yetu inaujua kuliko tunavyotaka. Sindano ya artesuneti hupimwa kwa uzito: mtoto aliye chini ya kilo 20 hupewa miligramu 3 kwa kila kilo, na aliyefikia kilo 20 au zaidi hupewa miligramu 2.4. Ni hesabu ndogo mchana, ukiwa umeshiba na umelala. Saa kumi alfajiri, mama analia pembeni na mtoto ana degedege, hesabu ile ile inahitaji akili nzima. Kadhi aliyesinzia anaweza kuahirisha kesi mpaka kesho. Mwanafunzi wa tiba hana nafasi hiyo, ndiyo maana maandalizi yake lazima yafanyike kabla hajaingia zamu.

Wataalamu nao wamelipima jambo hili. Mwaka 1997 watafiti wawili wa Australia, Dawson na Reid, walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hufanya kazi za mkono na jicho kama mtu mwenye kiwango cha asilimia 0.05 ya pombe katika damu, na akifika saa 24 anakaribia asilimia 0.10. Sisemi kukesha kuna hukumu ya khamri. Ila ya khamri ni ulevi, na kukesha si ulevi. Lakini sisi tunaoiheshimu akili kiasi cha kuharamisha kinachoifunika, hatuwezi kusikia matokeo hayo tukacheka.

Huko Boston, mwaka 2004, Landrigan na wenzake walilinganisha madaktari wa mwaka wa kwanza katika wodi za wagonjwa mahututi. Waliofanya kazi kwa mtindo wa kawaida, wenye zamu za saa 24 au zaidi, walifanya makosa makubwa ya kitabibu kwa asilimia 36 zaidi ya wale waliopunguziwa saa. Mwaka uliofuata utafiti mwingine ukaonyesha kwamba daktari anayeendesha gari baada ya zamu ndefu hatari yake ya kupata ajali huzidi mara mbili. Marekani ilikuwa imeanza kulijadili jambo hili tangu kifo cha msichana wa miaka 18, Libby Zion, katika hospitali moja ya New York mwaka 1984. Aliyemhudumia usiku ule alikuwa daktari wa mwaka wa kwanza mwenye wagonjwa wengine wengi. Watu bado wanabishana ni nini hasa kilichomuua, lakini baba yake hakunyamaza, na jimbo la New York likaweka mpaka wa saa 80 kwa wiki. Mwaka 2003 mpaka huo ukawa wa nchi nzima. Naam, saa 80! Hiyo ndiyo nafuu yenyewe.

Najua msomaji wa Mocímboa da Praia au Palma atasema: hayo ni ya wenye madaktari wa kutosha. Ni kweli. Tangu mashambulizi yalipoanza Mocímboa tarehe 5 Oktoba 2017, vituo vingi vya afya vya wilaya zetu za kaskazini vimechomwa au kufungwa, na watumishi wake wamekimbia pamoja na wagonjwa wao. Mwaka 2020 majahazi yalishusha watu ufukweni Paquitequete siku baada ya siku. Wagonjwa wakaja Pemba, na mwanafunzi anayefanya mafunzo kwa vitendo akajikuta anabeba kazi ya mtu aliyekwisha hitimu. Akirudi nyumbani, nyumba ina watu kumi na tano, watoto wanacheza, na hakuna chumba cha mtu mmoja. Kumwambia kijana huyu "lala saa nane" bila kusema atazipata wapi ni kumwongezea mzigo wa pili.

Lakini uchache wa watu si hoja ya kuwamaliza waliopo. Hapa ndipo ninapotaka tukae na kisa cha Bilal (r.a.).

Imo katika Sahihi Muslim, kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.). Waislamu walikuwa wanarudi kutoka Khaybar, mwaka wa 7 Hijria. Walitembea usiku mpaka usingizi ukawazidi, Mtume (s.a.w.) akatua, akamwambia Bilal awalindie usiku ili wasipitwe na Alfajiri. Bilal akaswali alichojaaliwa. Mapambazuko yalipokaribia akaegemea ngamia wake, uso ameuelekeza kule alfajiri itakakotokea. Alikuwa anaitazama hasa! Macho yakamshinda. Hakuamka yeye wala mwingine mpaka jua likawapiga, na wa kwanza kuamka alikuwa Mtume mwenyewe (s.a.w.). Alipoitwa, Bilal alijibu kwamba kilichoishika nafsi ya Mtume ndicho kilichoishika nafsi yake. Hakupigwa wala hakuvuliwa kazi ya adhana. Walisogea mahali pengine, wakatawadha, Bilal akakimu, wakaswali. Na katika mapokezi ya Abu Qatada (r.a.) Mtume (s.a.w.) alifundisha kwamba aliyelala hahesabiwi kuwa amezembea, uzembe ni wa aliye macho.

Tumtazame Bilal kwa jicho la mwanafunzi wa tiba. Hakukosa imani, huyu ndiye aliyevumilia jiwe kifuani Makka. Hakukosa nia, hakukosa ibada, na hata namna ya kukaa aliichagua vizuri. Kilichokosekana ni usingizi, baada ya safari ndefu, na alikuwa peke yake. Saa iliyomshinda nayo ni ile ile ambayo wataalamu wa saa ya mwili wanaitaja: karibu na alfajiri joto la mwili hushuka na umakini hufika chini kabisa. Ikiwa Bilal alishindwa, mimi na wewe tusitegemee azma peke yake, wala kahawa.

Sasa weka kando yake kisa kingine, cha vita vya Dhat ar-Riqa, alichokipokea Jabir (r.a.) na kikamo katika Abu Dawud. Watu wawili walikabidhiwa kulinda mlango wa bonde, vitabu vya sira vinawataja kuwa Ammar bin Yasir na Abbad bin Bishr (r.a.). Jambo la kwanza walilofanya ni kuugawa usiku. Mmoja akalala nusu ya kwanza, mwingine akasimama. Adui alipotupa mishale, aliyekuwa zamu alikuwa macho, na aliyelala alikuwa hatua chache tu, akaamshwa akiwa na nguvu zake. Kwa maoni yangu huu ndio mpango wa kupeleka kwa wasimamizi wetu wa wodi: wanafunzi wawili wa zamu ya usiku, kila mmoja apewe saa mbili au tatu za kulala kwa mpangilio unaojulikana, na anayeamshwa asichukie. Haugharimu pesa, na unahitaji mkeka mmoja na chandarua. Pia dawa za hatari zisomwe na macho mawili, kama alivyofanya dada yetu kwa kulazimika.

Kuna wanaopenda kumtaja Ibn Sina, kwamba alipokuwa kijana alisoma mwaka na nusu bila kulala usiku mzima hata mmoja. Ni kweli ameandika hivyo mwenyewe. Lakini wengi huishia katikati. Anaendelea kusema kwamba kila usingizi ulipomchukua aliota masuala yale yale, na mengi yalimfunukia akiwa usingizini. Leo tunaambiwa ubongo hupanga na kuyakaza yaliyosomwa wakati mtu amelala, kwa hiyo anayekesha usiku wa kuamkia mtihani anavunja ghala alilolijaza. (Kilichomo ndani ya kikombe alichokunywa Ibn Sina ili asisinzie, hicho tusimfuate.)

Nani atapata wapi saa hizo? Pwani yetu ina nafuu moja tunayoipoteza. Saa za Msumbiji ni moja nchi nzima, nasi tuko mashariki kabisa, kwa hiyo jua letu linatangulia. Desemba hapa Pemba jua huchomoza kabla ya saa kumi na moja, na Alfajiri huingia kama saa tisa na nusu. Ndugu zetu wa Mtwara, ng'ambo ya Ruvuma, saa zao ziko mbele yetu kwa saa moja. Anayelala saa sita usiku kwa sababu ya simu, hapa, amejipa saa tatu na nusu. Lakini Isha nayo huingia karibu na saa moja jioni. Mtume (s.a.w.) alichukia kulala kabla ya Isha na mazungumzo baada yake. Ukiswali jamaa ukala, unaweza kuwa kitandani saa tatu, na ukapata saa sita na nusu kabla ya adhana. Mtu mzima anahitaji angalau saa saba, na iliyobaki inapatikana kwa kailula. Kailula ya dakika 20 hivi inatosha. Ukivuka nusu saa huenda ukaamka na uzito. Sura ya An-Nur inautaja wakati wa kuvua nguo adhuhuri kuwa ni wakati wa faragha, maana yake nyumba za Waislamu wa mwanzo zilikuwa na saa ya kupumzika mchana na watoto walifundishwa kubisha hodi. Nyumba yenye watu kumi na tano inaweza kufundishwa adabu hiyo hiyo, na anayefaa kuwaambia watoto ni bibi au mama mwenye nyumba, maana mwanafunzi mwenyewe hatasikilizwa.

Chai ya rangi na kahawa zikome alasiri: nusu ya kafeini bado imo mwilini baada ya saa tano hivi.

Limebaki swali la Sala kwa anayetoka zamu ya usiku. Alfajiri iswaliwe wodini, kwa kupokezana, kabla ya kukabidhi kazi. Akifika nyumbani akalala saa moja na nusu asubuhi, wakati wa Adhuhuri bado haujaingia, na kwa madhehebu yetu ya Shafi hana dhambi kulala. Kinachokatazwa ni kulala baada ya wakati kuingia hali anadhani hataamka kabla haujatoka. Akidhani ataamka, ni makuruhu. Desemba Alasiri huingia karibu na saa nane na nusu, basi akiamshwa saa saba na nusu amelala saa sita na Adhuhuri yake iko ndani ya wakati. Amwombe mtu amwamshe, asitegemee simu peke yake. Akipitiwa, ataswali anapoamka. Ijumaa ina hesabu yake kwa wanaume: anayeweza kubadilishana zamu ya usiku wa kuamkia Ijumaa na mwenzake asiye Mwislamu, na yeye akamshikia Jumapili, afanye hivyo mapema, ratiba ya mwezi inapopangwa.