Kidani cha marehemu bibi kina thamani ya nyumba?

*Shikamoo Shangazi,*

*Bibi yetu alifariki mwaka jana. Nilipoolewa, usiku wa kupakwa hina, alinivisha kidani cha lulu alicholetewa na marehemu babu kutoka Maskati, alikokwenda kufanya kazi miaka ya sabini. Sasa mama mdogo anasema kidani ni mali ya mirathi, kiuzwe tugawane, kwani lulu za Ghuba zinanunua nyumba. Nilikipeleka kwa sonara. Akakitia kwenye mizani, akakigeuza-geuza, akasema: "Lulu hizi si za asili, lakini nitakupa laki tatu kwa heshima ya marehemu." Binamu yangu naye anataka tukikamulie ndimu tuone kama kitatoa povu. Lulu zenyewe ni nyeupe za kuelekea manjano, kubwa katikati na ndogo pembeni, na kifungio ni cha fedha. Silali. Ni kitu au si kitu?*

*Mwenye Kidani, Unguja*

Marahaba mwanangu, na Mungu amrehemu bibi.

Kwanza mnyang'anye binamu yako hiyo ndimu. Lulu imetengenezwa kwa chokaa ile ile ya gamba la chaza, na tindikali inaila. Povu litatoka kweli, na mng'ao utaondoka nalo. Kiberiti nacho marufuku. Majaribio ya namna hiyo huharibu lulu halisi kabla hujajua kuwa ilikuwa halisi.

Fanya hivi. Shika lulu moja uisugue taratibu kwenye ncha za meno ya mbele. Ya kweli hukwaruza kidogo, kama ina vumbi la mchanga laini. Ya kioo au plastiki huteleza. Halafu azima lenzi ya sonara uangalie matundu yanamopita uzi. Lulu bandia ni ushanga uliopakwa rangi ya kung'aa, na rangi hiyo huanza kubanduka pale ukingoni mwa tundu, kioo kikaonekana chini yake. Ukiona badala yake tabaka jembamba lililoshika kiini cha ndani, na mstari mwembamba kati yao, hizo ni lulu za kweli za kufugwa.

Maana kuna lulu za kweli za aina mbili, na hapa ndipo mama mdogo alipochanganya mambo. Lulu ya asili chaza huifanya mwenyewe baharini bila kusaidiwa na mtu. Ya kufugwa, mtu humfungua chaza, akampandikiza kiini cha duara kilichochongwa kwenye gamba pamoja na kipande cha nyama ya chaza mwingine, akamrudisha majini. Chaza hukifunika kiini kile tabaka kwa tabaka. (Hapo kwenu, kina mama wa Fumba na Bweleo wanafuga lulu za nusu zinazoota zimeshikana na gamba. Nenda ukaone kazi yao, ila ujue hizo ni bapa upande mmoja, hazitungwi kuwa kidani kama chako.) Meno hayawezi kukutofautishia ya asili na ya kufugwa, na mizani ya sonara haiwezi kabisa. Masonara wetu wanajua dhahabu, na dhahabu ina bei ya siku kwa gramu. Lulu haina.

Mama mdogo hakuokota maneno yake barabarani. Mwaka 1917 kampuni ya vito ya Cartier ilipata jumba lake la Fifth Avenue, New York, kwa kutoa kidani cha nyuzi mbili za lulu za asili kilichothaminiwa dola milioni 1, na dola 100 juu yake. Lakini kidani hicho hicho kilipopigwa mnada mwaka 1957 kilileta dola 151,000. Katikati hapo Wajapani walikuwa wameingia sokoni. Kokichi Mikimoto alifanikiwa kupata lulu za nusu mwaka 1893, na kufikia miaka ya 1920 lulu za duara za kufugwa zilikuwa zinauzwa Ulaya. Bei ikaporomoka, na bandari za Ghuba zilizoishi kwa kupiga mbizi, nyingi kwa jasho la watu waliotoka pwani yetu hii, zikafilisika. Babu alipofika Maskati miaka ya sabini, lulu iliyokuwa rahisi kuipata dukani ilikuwa ya Japani. Sijakiona kidani chako, lakini kifungio cha fedha na rangi hiyo ya kukolea kwa umri vinanielekeza huko huko.

Kuwa ya Japani si aibu. Kuna za Japani nzuri na mbovu, na hilo unaweza kuliona mwenyewe. Asubuhi, tandika kitambaa cheupe karibu na dirisha, pasipo jua kali, ulaze kidani juu yake. Itazame lulu ya katikati. Ukiliona dirisha ndani yake, na fremu ina kingo zilizokatika vizuri, mng'ao ni mzuri, na mng'ao ndio unaobeba sehemu kubwa ya bei. Ukiona weupe tu uliofifia kama nta ya mshumaa, tabaka ni jembamba au limechoka. Kisha livingirishe tungo lote kwa kiganja. Zile zinazoyumba si duara. Tafuta vishimo na mikwaruzo, na uone kama jirani na jirani wanafanana rangi. Ukubwa nao una bei: lulu hizo za Japani nyingi ni kati ya milimita 6 na 8, na kila milimita inayoongezeka inapandisha bei sana. Manjano yaliyoletwa na jasho na manukato ya miaka mingi hayasafishiki, na mnunuzi atayakata kwenye bei. Ujue pia kwamba kidani cha kufugwa kilichokwisha kuvaliwa huuzwa chini mno ya bei ya kipya dukani.

Dalili moja ingenifanya nisite. Matundu yakiwa membamba mno, na lulu zikiwa hazifanani sawasawa kwa umbo wala rangi, huenda ni za asili. Hizo ziliuzwa kwa uzito, kwa hiyo waliozitoboa walichelea kupoteza hata chembe. Ukiyaona hayo, kinachobaki ni eksirei ya maabara ya vito. Mojawapo huko Ghuba ni ya taasisi ya Danat, Bahrain, iliyofunguliwa mwaka 2017. Usipoyaona, usitupe pesa kwenye nauli na ada.

Kuhusu sonara wako, huenda ni mwaminifu na laki tatu ni bei ya haki. Lakini anayenunua hawezi kuwa ndiye anayepima. Mtafute mwingine, mwambie tangu mlangoni kwamba hukiuzi, unataka makadirio ya maandishi na utamlipa kazi yake.

Hata hivyo nakuona unatafuta bei ili ujue kama ugomvi unafaa kugombewa, na bei haitakujibu hilo. Kama bibi alikukabidhi kidani mkononi, akiwa mzima, mbele ya watu, hiyo ni hiba na hakimo kwenye mirathi, kiwe cha laki tatu au cha nyumba. Kama alikuvisha usiku ule tu kisha akakirudisha sandukuni kwake, au alisema "nikifa ni chako," hapo mama mdogo ana hoja, maana wasia una mipaka yake. Barua yako haikusema kidani kililala wapi baada ya harusi. Nenda na mama mdogo Mahakama ya Kadhi, mwende na waliokuwepo usiku wa hina, na kadhi ajibu swali hilo kabla mtu yeyote hajataja tena bei.