Nyumba ya Baba Inapouzwa

Katika somo hili twataka kutazama jambo linalogawanya jamaa nyingi pwani kwetu, nalo ni kuuzwa kwa nyumba ya urithi. Tutatwaa mfano wa Kigombe, kijiji cha wavuvi na wakulima kilicho katika njia ya Tanga kwenda Pangani.

1. Nyumba hii ilijengwaje? Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge toka Florida. Ni 62 tu iliyofika hai, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na hiyo michache mashamba yakaenea pande zote, na watu wakaja toka mbali, hata Ruanda na Urundi, kufanya kazi ya mkataba, wakaitwa manamba. Wengine walirudi kwao. Wengine walioa, wakakata fito, wakaezeka makuti, wakawa wenyeji. Mwaka 1964 nchi ilitoa mkonge upatao tani 230,000. Kisha nyuzi za viwandani zikaangusha bei, na vijana wengi wakaenda mijini. Basi leo mzee akifa, watoto wako Dar es Salaam, nyumba iko kijijini, na matanga hayajaisha mtu husema, "Tuiuze."

2. Ni nani awezaye kuuza? Tulipata kukaa barazani na ndugu wanne wa jamaa moja. Mkubwa wao alikwisha pokea arbuni. Mama yao alituambia, "Mchungaji, udongo wa kiambaza hiki niliukanda kwa miguu yangu, nina mimba ya huyu. Leo nasikia kwa jirani kwamba nyumba imeuzwa." Mwanawe akainama. Arbuni ilirudishwa kwa taabu, maana nusu ilikwisha liwa.

Tujue basi: Sheria ya Ndoa ya 1971 yakataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa pasipo ridhaa ya mwenziwe. Tena mwenye nyumba akifa, mtoto mkubwa hawi mwenyewe kwa sababu ya ukubwa wake. Sharti mahakama imthibitishe msimamizi wa mirathi. Na jirani zetu Waislamu wana mafungu yaliyo wazi: mjane hupata thumuni ikiwa marehemu ameacha watoto, na binti nusu ya fungu la ndugu yake mwanamume. Kwa sheria hizi mama ana neno.

3. Ni kitu gani kinachouzwa? Huku pwani nyumba yaweza kuwa ya mtu mmoja, kiwanja cha wa pili, na minazi ya wa tatu. Asiyeuliza hununua ugomvi. Tena ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, naye Rais ni mdhamini wake. Kiuzwacho ni haki ya kuitumia. Kwa ardhi ya kijiji, Sheria Na. 5 ya 1999 yataka kibali cha Halmashauri ya Kijiji.

4. Mapatano yameandikwa wapi? Yeremia aliponunua shamba la binamu yake Hanameli, alipima shekeli 17 za fedha mbele ya mashahidi, na hati ikatiwa katika chombo cha udongo ipate kudumu. Ikiwa ndugu kwa ndugu waliandika, sisi twaonaje haya kuandika?

Hatusemi nyumba isiuzwe kamwe. Mwaka wa pili yule mama mwenyewe alisema amechoka kukaa peke yake, akahamia kwa binti yake. Alitia kidole gumba katika hati, wanawe wote wakiwapo. Bei ilikuwa pungufu kuliko ile ya kwanza. Lakini hata sasa wale wanne wala chungu kimoja.

Maswali ya kuzungumza nyumbani:
Kiwanja tunachokalia ni cha nani, na minazi je?
Hati yetu iko wapi, na ni nani ajuaye?
Je, tumemwuliza mama?