Uvimbe wa Kichwani: Ijue Aina Yake Kabla ya Kulipia Tiba

Mkazi wa Mtendeni, mjini Tabora, hanunui asali kabla ya kuionja. Lakini mkazi huyo huyo, mwanawe anapovimba taya au mzazi wake anapoanguka kifafa uzeeni, huweza kutoa akiba ya mwaka mzima kwa tiba asiyoijua inatibu nini. Somo hili lamhimiza msomaji aulize jambo moja kwanza: uvimbe huu ni wa aina gani?

Maana ya uvimbe

Uvimbe hutokea chembe hai za mwili zinapozaliana bila mpangilio. Baadhi ni saratani, nao huvamia sehemu za jirani. Mwingine si saratani, nao hukua taratibu. Hata hivyo, fuvu la kichwa halitanuki kwa mtu mzima. Kwa hiyo hata uvimbe usio saratani huweza kuukandamiza ubongo na kuleta upofu, kupooza au kifo. Ugonjwa huu hauambukizi kwa kugusana, wala si matokeo ya kurogwa.

Aina tatu, tiba tatu

*Uvimbe wa Burkitt.* Mwaka 1958, Denis Burkitt, daktari mpasuaji katika Hospitali ya Mulago, Kampala, alieleza kwa maandishi uvimbe wa taya za watoto. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari maelfu ya kilomita kutoka Afrika Mashariki hadi kusini, wakabaini kwamba ugonjwa huo hupatikana zaidi katika nyanda za joto na mvua, ambako malaria imeenea. Kisu hakikuutibu, dawa za saratani ndizo zilizouyeyusha. Uvimbe huu huweza kuongezeka maradufu kwa siku chache, lakini watoto wengi hupona wakiwahishwa na kumaliza dozi zote.

*Meninjioma.* Huota katika utando unaoufunika ubongo, na mara nyingi si saratani. Ukiondolewa wote kwa upasuaji, huenda mgonjwa asihitaji tiba nyingine, ila kufuatiliwa.

*Glioma.* Hutokana na chembe za ubongo wenyewe. Ile iliyo kali hujipenyeza kama mizizi. Mpasuaji huondoa kiasi kisicholeta madhara, kisha hufuata mionzi na dawa. Wakati mwingine lengo huwa kurefusha maisha na kupunguza mateso, si kuponya kabisa. Mgonjwa ana haki ya kuelezwa hivyo waziwazi.

Dalili za kutopuuzwa

Maumivu mengi ya kichwa hayatokani na uvimbe. Wahi hospitali uonapo:

- maumivu yanayozidi wiki hadi wiki, hasa alfajiri, pamoja na kutapika;
- kifafa kinachoanza ukubwani;
- kufifia kwa macho, ulegevu wa upande mmoja au mabadiliko ya tabia;
- kwa mtoto, taya kuvimba, meno kulegea, mboni kung'aa kwa weupe, au kichwa cha mchanga kukua kupita kiasi.

Njia ya kufuata

Anzia zahanati au kituo cha afya, uombe rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Kitete. Picha za CT au MRI huonyesha uvimbe ulipo, lakini kwa kawaida aina yake huthibitishwa kwa kipande kidogo cha nyama kinachopimwa maabara. Upasuaji wa ubongo hufanyika katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam. Tiba ya mionzi hutolewa Ocean Road, Dar es Salaam, na Bugando, Mwanza.

Jihadhari na nafuu ya muda. Dawa kama deksamethazoni hupunguza majimaji yanayouzunguka uvimbe, na maumivu huweza kutoweka kwa siku chache. Uvimbe wenyewe bado upo. Usiache miadi, wala usikatishe dawa hiyo ghafla bila ushauri wa daktari.

Uliza kabla ya kulipa

1. Uvimbe huu unaitwaje, na umethibitishwa kwa kipimo gani?
2. Tiba hii inakusudia kuponya, au kupunguza mateso?
3. Ina madhara gani, na nisipoipata itakuwaje?
4. Itachukua muda gani, na gharama zote, pamoja na nauli na malazi, ni kiasi gani?
5. Bima yangu inalipia nini? Nisipokuwa na uwezo, nimwone ofisa wa ustawi wa jamii wa hospitali?

Dai risiti kwa kila malipo, na utunze picha na majibu yako yote. Ukitumia tiba asili, mweleze daktari, kwani baadhi ya mitishamba hugongana na dawa. Mwenye kukuahidi kuponya kila uvimbe kwa chupa moja hajajibu hata swali la kwanza. Usimpe fedha zako. Wala usiusubiri uvimbe upungue wenyewe: mficha maradhi, kifo humuumbua.