Somo la Majilio: Anayepona Ugonjwa wa Kula na Karamu ya Krismasi

Someni: Marko 5:35–43.

Ndugu wapendwa, Krismasi yakaribia, na kwetu sikukuu ni chakula. Tunapika pilau, tunachinja, na mgeni asipokula twaona ametudharau. Lakini wako wenzetu, hasa vijana, ambao sahani iliyojaa kwao ni kama mlima. Hao wanapona ugonjwa wa kula.

Ugonjwa huu si maringo wala si pepo. Wengine hujinyima chakula hata wakadhoofika. Daktari William Gull wa London alieleza habari zao katika miaka ya 1870. Wengine hula kingi kwa siri, kisha hujitapisha. Habari zao zilielezwa na daktari Gerald Russell mwaka 1979. Kutapika mara kwa mara hupunguza potasiamu mwilini, na moyo waweza kupiga vibaya hata mtu akafa.

Sasa tumtazame binti Yairo. Hatusemi kwamba alikuwa na ugonjwa huu. Lakini Bwana alifanya mambo mawili: aliwatoa nje wenye makelele, akabaki na wachache, kisha akaagiza binti alishwe. Utulivu kwanza, chakula baadaye. Basi tujifunze hivi:

1. Tusiutaje mwili wake. "Umenenepa!" kwetu ni sifa, kwake ni mwiba. Yatosha kumwambia, "Tumefurahi kukuona."

2. Tusimjazie sahani, wala tusimhesabie matonge. Ajipakulie kama alivyopatana na daktari au muuguzi wake.

3. Asishinde na njaa akingoja karamu ya alasiri. Njaa ndefu humrudisha mmoja katika kujinyima, na mwingine katika kula bila kiasi. Anywe uji asubuhi. Desturi ya kufunga kabla ya Ushirika Mtakatifu haikuwekwa kumwumiza mgonjwa. Na aseme na kasisi wake mapema.

4. Awepo mmoja anayemwamini, kama dada au shangazi, wa kuketi karibu naye. Saa inayofuata chakula ndiyo ngumu kuliko zote. Waoshe vyombo pamoja, au watembee polepole wakizungumza.

5. Akizimia, akikataa hata maji, au akisema afadhali afe, apelekwe hospitali siku ile ile, ijapokuwa ni Krismasi yenyewe. Tuombe tukiwa njiani.

Na wewe unayepona, ukishindwa siku moja, usijiadhibu kwa kufunga kesho yake. Rudia mlo unaofuata kwa saa yake. Krismasi ina siku 12, wala haimalizwi kwa sahani moja.

Maswali ya kujadiliana:
(a) Kwa nini Bwana aliwatoa watu nje?
(b) Ni maneno gani ya mezani kwetu yanayoweza kumwumiza mgonjwa?
(c) Mwaka huu nani katika jamaa zetu ataketi karibu naye?

Bwana aliyezaliwa Bethlehemu atufundishe kukaribishana kwa upole.