Kukarabati Majengo na Bustani za Kale: Mfano wa Mji Mkongwe

Mtahiniwa, ukiulizwa namna ya kuhifadhi urithi ili utumike leo, usiishie kuandika "huvutia watalii". Zingatia hoja hizi:

(a) Vifaa vya asili. Kuta za Mji Mkongwe, Zanzibar, ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Saruji huzuia unyevu kutoka, ukuta ukaharibika. Hivyo, fundi hutumia chokaa.

(b) Matumizi ya wenyeji. Bustani ya Forodhani ilifunguliwa upya mwaka 2009. Jioni wauza vyakula bado hupata riziki pale.

(c) Kuwahi. Desemba 2020, sehemu ya Beit el-Ajaib iliporomoka ukarabati ukiendelea. Watu wawili walifariki.

Kumbuka: kila hoja iambatane na sababu na mfano.