Mtoto Aliyebebwa

Andiko: 2 Samweli 4:4, 9:1-13

Mefiboshethi alikuwa na miaka mitano habari za kifo cha Sauli na Yonathani zilipofika. Yaya akambeba akakimbia, na katika ile haraka mtoto akaanguka, akalemaa miguu yote miwili. Jiulize: nani aliamua kukimbia? Si mtoto. Na nani alichechemea maisha yake yote? Ni yeye.

Kule Marekani wako wengi wa namna hii. Wazazi waliwaleta wakiwa wadogo. Wengine walivushwa mpaka, wengine waliingia na viza halali, ikaisha muda. Wamo na watoto wetu Waafrika. Wamesomea huko, nyumbani wanapopajua ni huko. Siku ya kutafuta kazi ndipo wanaambiwa: wewe huna karatasi.

Mswada wa kuwafungulia njia ya uraia ulipelekwa bungeni mara ya kwanza mwaka 2001. Mwaka 2010 ulipita Bunge la Wawakilishi, ukakwama Seneti. Tarehe 15 Juni 2012 serikali ya Rais Obama ikatangaza mpango wa DACA: walioingia kabla ya kufikisha miaka 16, wakitimiza na masharti mengine, wasifukuzwe, wapewe kibali cha kazi cha miaka miwili, kinachoweza kuongezwa. Zaidi ya watu 800,000 wamewahi kukipata. Lakini huo si uraia, na mwaka 2021 mahakama moja ya Texas ilizuia maombi mapya yasiidhinishwe.

Mtu atasema: "Mchungaji, sheria ni sheria. Mimi nilipanga foleni ya viza, nikalipa, nikanyimwa." Neno hilo tusilidharau. Warumi 13 inatufundisha kutii mamlaka, na mzazi aliyevunja sheria ana la kujibu. Lakini mtoto wa miaka mitano hapangi foleni wala hairuki. Katika Ezekieli 18 Mungu anakataa mwana abebeshwe uovu wa baba yake. Na ukimtoza mtoto deni la mzazi, yule aliyenyimwa viza hapati chochote.

Sasa mtazame Daudi. Hakumwonea Mefiboshethi huruma ya miaka miwili halafu aone tena. Alimrudishia mashamba ya Sauli, akamwamuru Siba ayalime, akampa nafasi mezani pake daima. Ilikuwa amri ya mfalme, si hisani ya siku moja. Kuahirishiwa ni kitu kimoja, kupokelewa ni kingine. Aliyeahirishiwa hulala akihesabu miezi. Aliyepokelewa hupanda mti.

Jamani, baadhi yetu tuna jamaa huko ambao hata mazishi ya nyanya waliyatazama kwa simu, kwa kuogopa kwamba wakitoka hawatarudi. Tuwaombee, na tuwaombee wanaotunga sheria wawe na moyo wa Daudi.

Lakini tusiwanyooshee Wamarekani kidole peke yao. Yule mtoto aliyekuja na mama yake kwenye ndoa, akalelewa katika boma lako, leo anaambiwa hana shamba hapa. Naye alibebwa! Je, mezani pako ana kiti, au unamwahirishia tu?

Maswali ya ushirika wa nyumbani:
1. Ni nani katika jamii yetu anachechemea kwa safari ambayo hakuichagua?
2. Tutamheshimuje aliyefuata sheria bila kumwadhibu mtoto asiye na kosa?

Mungu awabariki. Amina.